Agosti Si Mwezi wa Kupanda Miti

Nawasalimu mlio Rongo na Awendo, mlio Isebania pale mpakani, mlio Oyugis, Ndhiwa na Kendu Bay, na nyinyi wavuvi wa omena wa Sori na Mbita ambao ndio kwanza mnatoka Ziwa Viktoria na usingizi umewajaa machoni.

Leo tuzungumze juu ya wageni. Siwasemi watalii wanaokwenda kutazama twiga Ruma. Nawasema vijana wanaotujia kwa makundi shule zikifungwa: Wajerumani, Wafaransa, Wahispania, Wakorea, mara nyingine Wajapani. Wanachanganyika na vijana wetu, wanalala darasani magodoro yakiwa sakafuni, wanapika kwa zamu, na kwa wiki mbili au tatu wanapanda miti, wanaokota plastiki ufuoni na kuziba makorongo yaliyochimbwa na mvua. Jioni wanafundishana nyimbo. Kambi za kazi, ndivyo tunavyoziita. Kama unaishi kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay, umeshawaona, wamepakiwa kwenye bodaboda na helmeti zisizowatosha vichwa.

Swali langu ni hili: zinatufaa? Na wao zinawafaa? Jibu nitalitoa sasa hivi, usije ukazima redio kwenda shambani kabla hujalisikia. Zinatufaa, ila kwa masharti mawili. La kwanza, kazi na kalenda ya kazi vipangwe na mwenyeji. La pili, safari iwe ya pande mbili, na vijana wetu nao watoke. Kazi ipangwe na mwenyeji, na vijana wetu nao watoke. Yashike hayo mawili, nitayarudia.

Kwanza, jambo hili limetoka wapi? Mwaka 1920 Mswisi mmoja, Pierre Ceresole, aliwakusanya vijana wa mataifa kadhaa katika kijiji cha Esnes, Ufaransa, karibu na Verdun, mahali ambapo Vita vya Kwanza vya Dunia viliua watu bila hesabu. Miongoni mwao walikuwamo Wajerumani. Waza kidogo: vita vimekwisha miaka miwili tu iliyopita, halafu Mjerumani anakuja na sepetu kufukia mashimo ya mizinga katika shamba la Mfaransa. Kambi ile haikudumu, maana chuki ilikuwa bado mbichi, na baada ya miezi michache wakaondoka. Lakini wazo lilibaki, na kutokana nalo likazaliwa shirika la Service Civil International, ambalo mpaka leo linapeleka vijana kambini duniani kote.

Kwetu Kenya lilifika mapema. Mwaka 1962, kabla hata hatujapata bendera, ilianzishwa jumuiya ya kujitolea tunayoijua leo kwa jina la KVDA, na tangu hapo imekuwa ikipeleka kambi vijijini katika pembe nyingi za nchi. Na tusijidanganye kwamba wazo la kufanya kazi kwa pamoja tuliletewa kwa meli. Wajaluo wana saga, Wakuria wana risaga. Shamba la mtu mmoja linalimwa na kijiji kizima, mwenye shamba anawaandalia chakula, kesho wanahamia kwa mwingine. Na katika saga, nani anayesema leo tunalima upande gani? Mwenye shamba. Hakuna jirani aliyewahi kuja na jembe lake akaanza kulima anapopapenda yeye.

Basi hapo ndipo kambi nyingi zinapokwama. Sikiliza. Likizo ndefu ya Ulaya huja Julai na Agosti, na za kwetu nazo huwa Agosti. Kwa hiyo kambi huwekwa Agosti. Lakini Agosti huku chini, ukanda wa ziwa, kuanzia Karungu mpaka Mbita, mpaka Kendu Bay, kuna mvua? Mama uliye Gwassi, nijibu. Mvua ya masika ilianza Machi na imeshakwisha. Ya vuli haijaja, na ikija huku ufuoni ni ya kubahatisha. Udongo mweusi umepasuka, unaweza kutia mkono kwenye ufa. Halafu wanakuja vijana thelathini wenye moyo safi, wanapanda miche. Picha zinapigwa. Kila mmoja ameshika mche wake na tope limempaka shavuni. Wiki ya tatu wanaagana kwa machozi, lori linaondoka.

Sasa mimi na wewe tubaki tukipiga hesabu ndogo. Tuseme walipanda miche 500. Kila mche unataka walau lita 2 za maji, mara mbili kwa wiki, mpaka mvua ije. Hiyo ni mitungi 100 ya lita 20 kila wiki. Nani ataibeba? Si mkurugenzi wa mradi. Si chifu. Ni mama aliye jirani na shule, ambaye tayari anakwenda ziwani alfajiri kuchota maji ya kupikia, na pale majini anaangalia kiboko kwa jicho moja na mtoto wake kwa jicho la pili. Atamwagilia wiki ya kwanza kwa kuwa ana aibu ya wageni. Wiki ya pili atamwagilia ile iliyo karibu na mlango. Wiki ya tatu mbuzi wanamsaidia kuimaliza kazi.

Kwa hiyo nasema, Agosti si mwezi wa kupanda miti kwetu. Hata serikali ilipotupa sikukuu ya kupanda miti iliichagua 13 Novemba 2023, mvua ikinyesha, na mwaka uliofuata ikawa 10 Mei. Lakini je, nasema wageni wasije Agosti? Hapana! Agosti kazi ipo tele. Waje wachanganye udongo na samadi na kujaza vifuko vya kitalu. Waje wachimbe mashimo na kuyaacha wazi yasubiri mvua. Wajenge ua wa miiba wa kuzuia mbuzi, wapange mawe kwenye makorongo, wafunge mifereji kwenye paa la shule na kuweka tangi. Hiyo ndiyo kazi ya kiangazi, na mkulima yeyote wa Ndhiwa angeitaja bila kwenda chuo. Tatizo ni kwamba haina picha nzuri. Aliyetoa fedha huko kwao anataka kuona kijana na mche, na shimo tupu halimfurahishi mtu.

Na mti gani? Hapo napo mwenyeji aulizwe. Mkaratusi unakua haraka, mbao zake zina soko, sikatai. Lakini ukiupanda kando ya Mto Kuja au kwenye chemchemi, baada ya miaka michache majirani watakuja kukuuliza maji yao yamekwenda wapi. Wazee wanajua siala, wanajua ober, wanajua mkuyu na kwa nini haukatwi ovyo. Kijana wa Lyon au wa Seoul hawezi kuyajua hayo, na si kosa lake. Kosa ni letu tukinyamaza kwa adabu, tukisema wageni wasiudhike.

Upande wa Migori kuna historia ya kuni ambayo kila mgeni angepaswa kusimuliwa siku ya kwanza kabla hajapewa jembe. Kwa miaka mingi Kuria na sehemu nyingine za Migori zimelima tumbaku, na kuna tumbaku ambayo majani yake hukaushwa kwa moto kwenye mabanda. Moto ni kuni, na kuni ni miti. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, yale ya afya, ya mpango wa chakula na ya kilimo, pamoja na serikali yetu, yalianzisha Migori mradi wa kuwasaidia wakulima waiache tumbaku wapande maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Ukiwapeleka vijana wa kambi kwa mkulima aliyeacha tumbaku, wakamsikia anavyohesabu deni na faida yake, watajifunza zaidi juu ya misitu kuliko wangejifunza kwa kupanda miche mia. Maana mti haukatwi kwa ujinga tu. Mara nyingi hukatwa kwa sababu kuna ada ya shule.

Tugeuke sasa kwenye utamaduni. Kambi hizi huwa na jioni ya utamaduni: ngoma, kanga mabegani, kila nchi imepika chakula chake. Ni furaha, sina neno. Lakini nikisema ukweli, sidhani pale ndipo watu wanapojuana. Watu hujuana kwenye beseni la vyombo.

Kuna jambo hutokea sana wageni wakilazwa kwenye maboma. Mama mwenyeji anataka kumpa mgeni jina, naye kwa kawaida yetu ya Kijaluo anauliza: ulizaliwa saa ngapi? Msichana wa watu hajui. Kwao tarehe inatosha. Anapiga simu nyumbani, na mamake huko mbali, badala ya kujibu saa tu, anaanza kusimulia: ilikuwa usiku, barafu barabarani, babako alipotea njia ya hospitali. Binti ana miaka ishirini na hajawahi kuisikia habari hiyo. Anakata simu macho yamelowa. Haya, ulizaliwa usiku, wewe ni Atieno. Kambi imeisha na bado anaitwa Atieno.

Na kuna somo jingine, hili si tamu. Liko sokoni, kwenye sufuria la mafuta. Wengi wenu mnajua mgongo wazi: mifupa ya mbuta iliyobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa, kichwa kikiwa kimening'inia, inakaangwa na kuuzwa kwa mwenye kipato kidogo. Minofu yenyewe imekwenda Ulaya kwa ndege. Msimamishe kijana wa Uhispania mbele ya sufuria lile. Muulize: huyu samaki unamjua? Pengine alimla kwao akiwa hana ngozi wala mfupa. Halafu msimulie kwamba mbuta hakuwamo ziwani zamani, aliwekwa humo miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za samaki wadogo tuliokuwa nao zikatoweka. Hapo mazungumzo ya mazingira yanakuwa na watu ndani yake. Aliyekula mnofu na anayekula mgongo wameketi kwenye benchi moja, wanatazamana. Na asiyezungumza bado ni yule mama anayekaanga, ambaye kwa maoni yangu ndiye angepaswa kuwa mwalimu wa kambi kwa siku hiyo na kulipwa kama mwalimu.

Naye mgeni asikae kimya. Ana haki ya kutuuliza kwa nini, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, chupa bado zimejaa kwenye mitaro ya mji wa Homa Bay. Tumjibu. Na sisi tumuulize nguo chakavu zilizomo ndani ya marobota ya mitumba, zisizouzika, zinazoishia jalalani, zilitoka kabati la nani. Ugomvi mdogo wa namna hiyo una afya.

Naomba sasa niwapeleke Nyatike, Macalder na Osiri, kwenye dhahabu. Anayetusikiliza kutoka huko anajua kazi ilivyo. Mawe yanapondwa, unga unaoshwa kwenye karai, halafu inamiminwa zebaki kidogo ikamate chembe za dhahabu. Inasuguliwa kwa mikono mitupu. Kidonge kinachopatikana kinachomwa kwenye kikaango, wakati mwingine jikoni, watoto wakiwepo. Zebaki inapaa kama mvuke usioonekana, na nyingine inakwenda na maji machafu, na maji ya huko mwisho wake ni ziwani.

Kwa nini nayataja haya katika mazungumzo ya vijana wa kigeni? Kwa sababu katika makundi haya huja Wajapani pia, na Japani kuna mji unaoitwa Minamata. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaibeba, watu wakala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi: watu wanatetemeka, wanashindwa kutembea, watoto wanazaliwa na ulemavu, hata paka waliokula samaki wanazunguka kama walevi kabla ya kufa. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki uliokubaliwa mwaka 2013 unaitwa kwa jina la mji huo, na shirika lililousimamia, UNEP, makao yake yako Gigiri, Nairobi. Mpishi wake yuko karibu na sisi, ila harufu ya mkataba haijafika Nyatike.

Hebu fikiria kijana wa Japani ameketi chini ya mti Macalder na vijana wachimbaji. Haleti mche. Analeta habari ya ufuo uliokuwa na wavuvi kama sisi, na ulaji wa samaki kama sisi. Na vijana wa Nyatike wanamweleza kwa nini, pamoja na kujua hatari, kesho asubuhi wataishika zebaki tena, kwa kuwa ndiyo njia ya bei nafuu na mnunuzi wa dhahabu anasubiri. Mimi ningeitoa kambi moja ya miti kwa mazungumzo hayo ya jioni moja.

Ninakuja kwenye sharti la pili, msiniache. Vijana wetu nao watoke.

Hili si jambo geni kwetu. Mtu aliyelielewa kuliko wengi amezikwa Kisiwani Rusinga. Tom Mboya, Septemba 1959, alifanikisha safari ya ndege ya kwanza iliyobeba wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani, na mamia wakafuata. Katika msafara wa mwaka 1960 alikuwamo binti wa Nyeri, Wangari, tuliyekuja kumjua kama Wangari Maathai. Alisoma biolojia Kansas, kisha akaenda Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma na moshi, na pale akaona wakazi wenyewe wakipigania hewa yao isafishwe. Akarudi nyumbani. Mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani (Green Belt Movement), na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa angalieni jinsi alivyofanya. Wanawake waliotunza miche walipewa malipo madogo, na walilipwa kwa mche uliopona. Si uliopandwa, uliopona! Kanuni hiyo moja ingebadilisha kambi zetu zote. Kila kambi irudi Februari, jua likiwa kali, ihesabu miche iliyo hai, na fedha iliyobaki ipewe waliomwagilia.

Lakini kijana wa leo wa Suna au wa Kasipul akipata mwaliko wa kwenda kambini Ulaya, yanampata yapi? Mgeni anayekuja kwetu, tangu Januari 2024, hahitaji visa. Anajaza fomu kwenye simu, analipa ada, anapewa kibali. Kijana wetu anapanda basi la usiku kwenda Nairobi, anatoa alama za vidole, anaonyesha taarifa za benki za miezi kadhaa, anathibitisha kwamba ana sababu ya kurudi nyumbani. Ana sababu gani ya kuonyesha? Ana miaka 22, hana ajira, hana ploti. Ananyimwa, na ada harudishiwi. Sisemi hakuna mlango. Mpango wa Wajerumani uitwao weltwärts, ulioanza 2008 kwa kuwaleta vijana wao, ulifungua mwaka 2013 upande wa pili, wa vijana wa kusini kwenda kujitolea Ujerumani. Ni mlango mwembamba, lakini upo, na vikundi vyetu vingi havijaugonga.

Na mlango mpana zaidi uko karibu, hatuutazami. Ziwa hili, Kenya ina asilimia 6 tu ya eneo lake. Kubwa lote ni la Tanzania na Uganda. Gugumaji linapokuja na upepo haliulizi kitambulisho, na maji yalipopanda mwaka 2020 yalifurika kwenye fuo za nchi zote tatu. Sasa kijana wa Muhuru Bay anamjua Mjerumani kuliko anavyomjua kijana wa Musoma, ambaye anavua maji yale yale. Ajabu, sivyo? Wakuria wanavuka mpaka kila siku kwenda harusini, kwa nini wasivuke kwenda kambini? Kwenda Uganda kitambulisho cha taifa kinatosha. Na lugha tunayo, Kiswahili. Mwaka 2021 mafundi na mabaharia wa Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa takataka za plastiki, walizunguka Ziwa Viktoria wakipita nchi zote tatu, wakizungumza na watu wa ufuoni. Watu wa bahari walitufundisha kulizunguka ziwa letu wenyewe.

Muda unanibana, fundi mitambo ananionyesha saa. Kabla ya kuondoka, ombi moja kwa kamati za shule, kamati za kusimamia fuo (BMU) na vikundi vya vijana ambao meza zenu zina barua ya kuomba kambi ya Agosti ijayo. Msiisaini kesho. Kaeni kwanza na wale kina mama wanaochota maji, muwaulize kazi gani ifanywe na ni nani atakayeitunza mpaka Februari, kwa malipo gani. Liandikieni shirika lililoleta barua hiyo majibu yao. Na mwisho wa barua muulize ni nafasi ngapi zimewekwa za vijana wa kijiji chenu kwenda kwao, na nani atalipia ada ya visa ikikataliwa. Wakijibu, mtuletee majibu hapa studioni, tutayasoma hewani, mazuri na mabaya.